Jinsi jina la Maniema lilivyoingia katika hadisi za mazimwi

Msomaji wa Kasongo anayefungua kitabu cha pili cha Tarzan atakutana na jina la kwao. Mwandishi wake, Mmarekani Edgar Rice Burroughs, alikitoa kwanza kwa vipande katika gazeti la hadisi mwaka wa 1913, kisha kikachapwa kama kitabu mwaka wa 1915. Ndani yake wavamizi Waarabu wanashambulia kijiji cha watu wema wakitafuta pembe za ndovu. Nyuma ya wavamizi kuna kundi la watumwa wenye silaha, wakatili, wala watu, wepesi wa kutishwa na mambo ya usiku. Burroughs anawaita "Manyuema".

Burroughs alizaliwa Chicago na hakuwahi kukanyaga Afrika. Jina hilo hakulibuni. Ndivyo wasafiri Wazungu wa karne ya 19 walivyoandika jina la nchi ambayo leo ni jimbo la Maniema, na hasa upande wake wa kusini, ambako kuna teritware za Kasongo na Kabambare. Watu waliokuwa wakilima, wakiwinda na kwenda sokoni walihamishwa hadi kwenye kitabu cha kujifurahisha, wakapewa kazi ambayo katika hadisi nyingine hupewa zimwi.

Safari ya jina hilo inaonyesha viumbe wabaya wa hadisi hutoka wapi, na kwa nini jambo hilo si mchezo wa watoto tu.

Kutoka Kabambare hadi Chicago

Tarehe 21 Septemba 1869, msafiri Mwingereza David Livingstone alifika mahali alipopaita Bambarre, ndiyo Kabambare. Alirudi hapo mwaka wa 1870, akakwama kwa miezi kadhaa kwa sababu ya vidonda vya miguu. Alikaa akiandika kila alichokiona na kila alichosimuliwa. Baada ya kifo chake mwaka wa 1873, maandishi hayo yalichapwa London mwaka wa 1874.

Kati ya mambo aliyosimuliwa, moja lilijirudia: kwamba watu wa nchi hii wanakula watu. Masimulizi mengi yalitoka kwa watu wa misafara ya pwani. Mwanzoni Livingstone mwenyewe alikuwa na mashaka, akitafuta ushahidi. Baadaye aliamini. Kwa wafanyabiashara wa pembe na watumwa, sifa hiyo ya kutisha haikuwa na hasara. Nchi inayoogopwa haivutii washindani. Na mtu anayesemekana kula wenzake, nani atamlilia akifungwa kamba na kupelekwa pwani?

Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, siku ya soko. Watu wa misafara walianza kufyatua bunduki katikati ya umati wa wachuuzi, wengi wao wanawake. Waliokimbilia mtoni walizama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Hao waliokufa ni wale wale waliosemwa kuwa wala watu. Walikuwa wamekuja kuuza.

Livingstone alishtuka sana, na habari ya mauaji hayo ilipofika Uingereza iliongeza nguvu ya wale waliopiga vita biashara ya watumwa. Lakini sifa ya "wala watu" haikufutika. Henry Morton Stanley alipita nchi hii mwaka wa 1876, alipokutana na Tippu Tip, na katika kitabu chake cha 1890 Wamanyema wanatokea tena kama wavamizi wa msituni. Wengi wa vijana hao wenye bunduki walikuwa wametekwa wakiwa wadogo, kisha wakafunzwa kuteka wengine. Sehemu hiyo ya habari ndiyo ilipotea njiani.

Kisha vikaja vita vya Dola Huru la Kongo dhidi ya Waarabu na Waungwana. Majeshi ya Dhanis yaliingia Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, na Kabambare ikaanguka Januari 1894. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi hilo, alitoa kitabu mwaka wa 1897. Anaeleza Kasongo kama mji mzuri wenye mashamba ya mpunga na miwa, bustani za matunda, na nyumba zenye vitu vya thamani. Kitabu hicho hicho kimejaa masimulizi ya kutisha kuhusu ulaji wa watu, mengi yakihusu wapiganaji waliokuwa upande wa dola lenyewe. Wasomaji wa Ulaya na Marekani walishika nini? Bustani za Kasongo hazikuingia katika Tarzan. Wala watu waliingia.

Sokwe ambaye ni mtu

Katika kurasa zile zile za Kabambare, Livingstone aliandika pia juu ya mnyama aliyemwita "soko". Alidhani ni gorila, lakini wataalamu wa baadaye waliona kwamba alikuwa akizungumzia sokwe. Mnyama huyu alimchukiza. Alimwona mbaya wa sura. Wawindaji walimwambia jinsi soko anavyopigana kwa kumshika mtu na kumng'ata vidole. Walimwambia pia kwamba wakati mwingine hunyakua mtoto na kupanda naye mtini, kisha humwachia akipewa ndizi.

Wenyeji hawakumhesabu kuwa kiumbe mwovu. Walimweleza mgeni wao kwamba soko ni kama mtu, na hana ubaya kwa asiyemchokoza. Tena baadhi yao waliamini kwamba wafu wao waliozikwa huinuka na kuwa soko. Walitaja mmoja aliyeuawa akiwa na matundu masikioni, kama mtu aliyetobolewa.

Mgeni alikuwa akiwashuku watu wa Kabambare kuwa ni wanyama. Wakati huo huo, watu wa Kabambare walikuwa wakimweleza kwamba hata mnyama wa msituni aweza kuwa ndugu yao aliyekufa.

Zimwi na mzimu, neno moja

Imani hiyo ya wafu kugeuka viumbe vya msituni inafungua mlango wa swali kubwa: zimwi limetoka wapi?

Jibu moja liko ndani ya lugha. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanaliweka neno "zimwi" katika ukoo mmoja na neno "mzimu". Shina hilo limeenea kutoka Kongo hadi kusini mwa Afrika. Wakikuyu wa Kenya wana irimu, jitu la hadisi. Wazulu wana izimu, mla watu. Wanyanga wa Walikale, Kivu ya Kaskazini, wana Kirimu, joka la msituni. Lakini kwa Wasotho na Watswana shina hilo hilo limezaa neno Modimo, jina la Mungu, na badimo, yaani wazee waliotangulia.

Maana yake ni kwamba zimwi halikuanza kama adui. Lilianza kama marehemu. Mzimu unaokumbukwa na kuheshimiwa hubaki upande wa watu wake. Yule aliyesahauliwa, asiye na kaburi wala mjukuu wa kumtaja, hubaki nje ya kijiji, na njaa yake haiishi. Hivyo ndivyo hadisi zinavyomchora: anakaa porini, anasema kama watu, ana nyumba kama watu, lakini chakula chake ni watu.

Jambo la kushangaza ni kwamba Ulaya ilipita njia inayofanana. Warumi wa kale walikuwa na Orcus, mungu wa kuzimu na wa wafu. Wataalamu wengi wanaona kwamba jina hilo ndilo lililozaa "orco" ya Waitaliano, kisha "ogre" ya Wafaransa, jitu linalokula watoto katika hadisi ambazo Charles Perrault alizichapa mwaka wa 1697. Mwanafunzi wa Kasongo anayesoma Kifaransa anamjua ogre huyo. Hajaambiwa kwamba ogre na zimwi walianza kazi mahali pamoja, katika nchi ya wafu.

Katika Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha kale, viumbe wabaya wanatajwa kuwa uzao wa Kaini, mtu wa kwanza kumuua ndugu yake kwa mujibu wa Biblia. Kati yao kuna viumbe ambao jina lao linaanza na neno "orc". Mtunzi wake alitoa jibu kali: uovu wa mazimwi ulianza siku mtu alipomwaga damu ya ndugu.

Paka wa Sultani na rafiki wa radi

Hadisi za huku kwetu zina majibu mengine. Mojawapo ni ile ya Nunda, iliyochapwa na Edward Steere mwaka wa 1870 katika mkusanyo wake wa hadisi za Kiswahili kutoka Unguja. Nunda alianza kama paka wa kawaida katika nyumba ya Sultani. Alipokula mnyama wa kufugwa, watu walishtaki. Sultani akasema paka ni wake na mnyama ni wake. Alipokula wanyama wakubwa zaidi, jibu likawa lile lile. Alipoanza kula watu, bado Sultani hakujali. Siku alipokula wana wa Sultani mwenyewe, ndipo bwana huyo alipokiri kwamba huyo si paka tena. Kijana wake wa mwisho ndiye aliyetoka kumwinda na kumuua.

Hapa zimwi halikutoka kaburini wala msituni. Lilifugwa nyumbani, likalindwa na mkubwa, likanenepa kwa sababu waliolalamika hawakusikilizwa. Katika mashariki ya Kongo, ambako vikundi vya silaha vimekuwa vikizaliwa, vikilishwa na kuwageuka waliovilisha, hadisi hiyo haihitaji mfasiri.

Jibu la pili linatoka kwa Wanyanga. Mwaka wa 1956 msimulizi Candi Rureke aliusimulia utenzi wa Mwindo mbele ya mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck. Yeye na Kahombo Mateene waliuchapa mwaka wa 1969. Kirimu katika utenzi huo ana vichwa saba na anameza watu. Shujaa Mwindo anamuua. Katika hadisi nyingi za ulimwengu mambo yangeishia hapo kwa ngoma na vigelegele.

Lakini Kirimu alikuwa na rafiki, naye ni Nkuba, bwana wa radi. Nkuba anampandisha Mwindo mbinguni na kumtesa kwa baridi, jua na mvua, kwa kosa la kumuua rafiki yake. Mwindo anarudi duniani akiwa amepewa miko mipya ya kutoua ovyo, na anatawala kwa upole kuliko mwanzo. Wasimulizi hawa walijua kwamba hata kiumbe cha kutisha kina wanaokililia.

Mwandishi aliyeshindwa na mazimwi yake

Mtu aliyelieneza neno "orc" duniani kote ni J. R. R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka wa 1892. Vitabu vyake kuhusu vita vya pete vilitoka mwaka wa 1954 na 1955. Jeshi la adui humo ni orki: maelfu kwa maelfu, wakatili, wanaochinjwa bila mtu kuwasikitikia.

Tolkien alikuwa Mkatoliki, na orki hao walimsumbua. Kwa imani yake uovu hauwezi kuumba kitu. Unaweza tu kuharibu kilichoumbwa. Basi orki walitoka wapi? Katika kitabu kilichochapwa mwaka wa 1977, baada ya kifo chake, kuna maelezo kwamba walikuwa viumbe wazuri waliotekwa, wakateswa na kupotoshwa na bwana mwovu. Kama ni hivyo, wana roho. Kama wana roho, wanaweza kuhurumiwa. Na kama wanaweza kuhurumiwa, kuwaua bila hesabu ni jambo zito. Tolkien alijaribu majibu mengine hadi uzeeni, wala hakupata moja la kumridhisha.

Msomaji wa Maniema ana sababu ya kukaa na fumbo hilo. Waliotekwa wakiwa wadogo, wakavunjwa na kupewa silaha ili wateke wengine: hiyo si hadisi ya kubuni katika nchi ambayo vijana wake walibebeshwa bunduki za misafara, na ambayo katika vita vya karibuni imeona watoto wakiingizwa katika vikundi vya wapiganaji. Orki wa Tolkien ni wa kitabuni. Mtoto aliyetoka porini akiwa na bunduki ana mama, ana jina, na anaweza kurudi shuleni.

Kuna jambo jingine. Katika barua ya mwaka wa 1958 Tolkien alieleza sura ya orki kwa kuwafananisha na watu wa Asia ya Mashariki, kwa namna ya kudhalilisha. Hata yeye, aliyeogopa kuwahukumu orki bila haki, alipotaka sura mbaya aliichukua kwa watu wa mbali.

Mtu-chui wa Tervuren

Kongo iliendelea kutoa sura kama hizo. Mwaka wa 1913 mchongaji Mbelgiji Paul Wissaert alitengeneza sanamu ya mtu-chui, yaani aniota: mtu aliyevaa ngozi ya madoa, mwenye makucha ya chuma, akimnyemelea mtu aliyelala. Watu-chui walikuwepo kweli kaskazini-mashariki ya Kongo. Waliua watu, na mauaji yao yalifungamana na ugomvi wa mamlaka. Lakini sanamu haikueleza ugomvi. Ilionyesha kiumbe nusu mtu nusu mnyama, ikawekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Bruxelles.

Hergé alimtumia mtu-chui huyo katika hadisi ya Tintin nchini Kongo, iliyotoka gazetini mwaka wa 1930 na 1931. Vizazi vya watoto, wakiwemo wa Kongo, vilimjua huko.

Mwaka wa 2002 mchoraji wa Kinshasa, Chéri Samba, alijibu. Katika picha yake "Réorganisation", Waafrika wanaikokota sanamu hiyo kwa kamba kuitoa nje ya jumba, na Wazungu wanaivuta ibaki. Jumba lilipofunguliwa upya Desemba 2018, sanamu ilikuwa imeondolewa katika maonyesho ya kawaida na kuwekwa katika chumba cha sanamu zisizofaa tena.

Mazimwi weupe

Isidhaniwe kwamba wageni peke yao ndio walioona mazimwi. Katika sehemu nyingi za Afrika ya kati, watu waliowaona ndugu zao wakipelekwa pwani bila kurudi walisadiki kwamba wameliwa na Wazungu. Wakati wa ukoloni, katika miji ya madini ya Katanga, wafanyakazi walisimulia juu ya batumbula, watu wa usiku walioteka watu kwa ajili ya Wazungu wenye kiu ya damu au nyama. Kenya na Tanganyika walikuwa na mumiani wao.

Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka wa 2000, anaonyesha kwamba hadisi hizo zina kitu cha kumfundisha mwanahistoria. Zinaeleza jinsi watu walivyoielewa hali yao. Mtu ambaye nguvu zake zinachukuliwa kila siku, asijue zinaenda wapi, anasema: wananinyonya damu. Tofauti na "Manyuema" ya Burroughs ni kwamba hadisi ya batumbula ilitoka kwa waliokandamizwa. Hata hivyo nayo iliweza kuua, pale umati ulipomgeukia mpita njia na kumwita mtumbula.

Neno linalohukumu

Hapo ndipo hadisi inapogusa maisha ya leo. Salamabila, katika teritware ya Kabambare, ambako kuna dhahabu ya Namoya, mapigano kati ya jeshi na wanamgambo yamewafanya watu wengi kuhama makwao. Katika hali ya namna hiyo mgeni hatazamwi vizuri, ugonjwa unatafutiwa mtu, na msiba unatafutiwa mlozi. Mara nyingi anayeelekezewa kidole ni mtu asiye na wa kumtetea: bibi kizee mjane, au mtoto yatima anayelelewa na mama wa kambo.

Sheria ya nchi iko wazi kuhusu watoto. Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka wa 2006 inakataza kumshutumu mtoto kwa ulozi, na kuliweka jambo hilo pamoja na kumtupa na kumtesa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu kwa anayefanya hivyo. Sheria haimuulizi mtu anaamini nini moyoni. Inamzuia kumgeuza mtoto kuwa zimwi.

Hadisi zenyewe hazina kosa. Mtoto wa Kasongo anahitaji kusikia juu ya zimwi lililombeba msichana ndani ya ngoma, na juu ya Nunda, na juu ya Kirimu, kwa sababu hofu iliyosimuliwa jioni kando ya moto inafundisha tahadhari bila kumdhuru mtu. Zimwi la hadisi halina mtaa wala kabila. Hatari inaanza pale zimwi linapopewa anwani: watu wa ng'ambo ya mto, watu wa kabila fulani, yule mama wa nyumba ya mwisho.

Watu wa Maniema wanalijua hilo kwa upande wa pili, kwa kuwa jina lao lilipewa kazi hiyo bila wao kuulizwa. Katika Kigoma, Ujiji na Dar es Salaam, wajukuu wa waliotolewa huku wanaitwa Wamanyema hadi leo. Katika mtaa wa Kariakoo kuna msikiti unaobeba jina hilo. Huko, walioitwa wala watu walijenga nyumba, wakalea watoto, wakaswali na majirani zao.

Shule za Kasongo na Kabambare zina Kifaransa, zina Kiswahili, na zina wazee wanaojua hadisi ambazo hazijaandikwa. Mwalimu anayewapa wanafunzi ukurasa wa Tarzan anaweza kuwapa pia maswali machache ya kujibu: nani anasimulia, nani alimwambia, na anayeitwa zimwi amepewa nafasi ya kusema wapi? Wakishajibu, waandike ya kwao.